Mota Bado Mbichi

Hodhi la kuogea la Monika liliingia mtaa wa Nyasubi saa nne asubuhi, likiwa chali juu ya mkokoteni, na kufikia saa nne na nusu hapakuwa na mwanamke wa mtaa ule ambaye hakuwa amepata sababu ya kutoka nje. Mmoja alitoka kumwaga maji ya vyombo, ingawa Oktoba ile ya mwaka 1996 hapakuwa na mtu Kahama aliyekuwa anamwaga maji. Mwingine alitoka kumwita kuku ambaye familia ilimla Jumapili. Mama Limi, jirani wa ukuta kwa ukuta, hakujisumbua na sababu. Alisimama mlangoni kwake, mikono kiunoni, akalitazama lile dude jeupe likipita, akauliza kwa sauti ya kuwatosha wote:

"Hilo la kunyweshea ng'ombe, au?"

"La kuogea, Mama Limi," Monika akajibu. Alikuwa anatembea pembeni ya mkokoteni, mkono mmoja juu ya hodhi, kama mama anayempeleka bwana harusi kanisani. "Mtu unalala humu ndani, maji yanakufika hapa." Akajigusa kifuani.

"Maji yapi?"

Lilikuwa swali la haki kabisa, ndiyo maana lilimuudhi. Mabomba ya mtaa yalikuwa yanakoroma tu tangu Julai. Maji yalikuja kwa baiskeli, madumu manne manne, na muuzaji wake alikuwa mtu wa kubembelezwa kuliko padri. Wenye uwezo walioga kwa nusu dumu. Waliobaki waliosha uso, wakaosha miguu, na vilivyokuwa katikati vikasubiri mvua.

Hata Zakir, mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliyemuuzia hodhi lile, hakumficha. "Mama Raphael, mimi nakwambia kweli," alisema huku akilipangusa vumbi kwa kiganja. "Hili lilikuwa letu nyumbani. Miaka sita mke wangu Parvin anawekea maji ya akiba. Kuoga, tunaoga na kopo kama wewe."

Monika alimsikia, lakini hakumsikiliza. Kichwani mwake kulikuwa na hodhi jingine.

Hodhi hilo jingine lilikuwa Geita, katika nyumba ya wageni. Mumewe Selestine, mwenye duara, shimo la kuchimbia dhahabu, huko Nyarugusu, alirudi nyumbani Agosti akilisifia mpaka chakula kikapoa. "Naingia, nanyoosha miguu, nafumba macho," alisimulia, akijinyoosha kwenye kiti cha mbao ili mkewe aone. "Peke yangu. Kama mfalme." Tangu siku ile Monika alilionea wivu hodhi la Geita kama mwanamke mwenziwe. Alijiuliza lina urefu gani, lina rangi gani, linampa nini mume wake ambacho kopo la bati halimpi. Alipoona jibu haliji, akasema basi na hapa kwetu liwekwe, ili mtu asisafiri umbali wote ule kwenda kunyoosha miguu. Selestine, ambaye duara lake lilikuwa limetema mawe mazuri mwezi ule, akakubali kwa mkono mkunjufu. Aliacha hela ya marumaru, akarudi Nyarugusu.

*

Fundi aliitwa Mihayo. Alikuwa amejifunza marumaru Mwanza, na mjini mle walikuwa wawili tu wanaoziweza. Alikuwa mpole, hanywi, hachelewi, hadai chai. Kosa lake lilikuwa moja: alikuwa na meno mazuri.

Kwa wiki mbili alichimba sakafu ya zamani, akamwaga zege jipya, akalipima kwa pima maji huku jicho moja limefumba, kisha akapanga marumaru, ya bluu, nyeupe, ya bluu, nyeupe. Mama Limi alikuja kuangalia kila siku, kama mkaguzi aliyetumwa na serikali ya wivu.

"Mwangaluka, mayu," Mihayo alimwamkia mama huyo Kisukuma.

"Mwangaluka. Zitateleza hizo."

"Hazitelezi mayu, zina mikwaruzo kwa juu."

"Basi zitamkwaruza." Akaondoka. Nyumbani kwake alisimama katikati ya bafu lake la saruji lenye ufa, akalitazama muda mrefu, na jioni ile mume wake hakuelewa kwa nini ugali ulikuwa mbichi.

Siku ya kuweka hodhi ndiyo iliyoleta balaa, na balaa lenyewe lilikuwa la kifundi. Hodhi lile lilikuwa la plastiki ngumu, jepesi. Mihayo alitandika chini kitanda cha mota, mchanganyiko wa saruji na mchanga, akalilaza juu yake, akalibonyeza huku, likainuka kule. Akalibonyeza kule, likainuka huku.

"Linataka uzito, mama," alisema, akijifuta jasho. "Mota lazima ikaukie imebanwa. Vinginevyo inaacha uvungu kwa chini, na siku mzee anaingia kuoga, linapasuka naye. Kwa kawaida tunalijaza maji."

"Madumu mangapi?"

"Kumi na manne. Ukipunguza sana, kumi na mbili."

Monika akacheka kicheko cha mtu aliyeambiwa alete twiga. "Mawe je?"

"Yatakwaruza. Mchanga ndio mzuri, lakini umebaki kiroba kimoja. Huo tuuweke upande wa miguu. Upande wa mgongo ndio sina kitu."

Monika alivuka kwenda kwa jirani. Mume wa Mama Limi alikuwa mfanyabiashara wa mchele, na sebuleni kwao magunia yalipangwa mpaka yakaziba picha ya ndoa.

"Mama Limi, naomba uniazime magunia mawili. Nayaweka kwenye hodhi mpaka jioni, yakandamize. Nayarudisha kama yalivyo."

Mama Limi alikuwa anasuka ukili. Hakuacha. "Mchele wa kuliwa na watu ukalale bafuni?"

"Hodhi jipya, jirani. Halijaogewa na mtu."

"Bafuni ni bafuni. Leo unaazima mchele ukalale bafuni, kesho utakuja kuniazima mume akae."

Monika alirudi mikono mitupu. Mota haingoji mtu. Akachukua ungo wa mchele wake mwenyewe aliokuwa amepanga kuuchambua, akajifunga kitenge vizuri, akavua kandambili, akaingia kwenye hodhi, akakaa upande wa mgongo. Hodhi likatulia kimya kama mtoto aliyepata ziwa.

"Hapo hapo mama," Mihayo alisema. "Mpaka saa kumi na moja."

Alikaa toka saa saba. Alichambua mchele ule mpaka mawe yakaisha, akaanza kuchambua punje zilizovunjika. Mihayo alikuwa amepiga magoti pembeni akiziba mianya ya marumaru kwa saruji nyeupe. Wakaongea, maana watu wawili hawawezi kukaa chumba kimoja saa nne wakanyamaza isipokuwa wameoana. Mihayo alimsimulia habari za bosi mmoja wa Mwanza aliyejengewa bafu lote la marumaru, halafu akaendelea kuoga uani kwa sababu ndani anasikia baridi. Monika akacheka. Dirisha la bafu lilikuwa bado halijawekwa kioo. Kicheko kikatoka, kikaenda moja kwa moja kwa Mama Limi, ambaye alipanda juu ya kinu chake kilichokuwa kimepinduliwa ukutani, akachungulia.

Aliona vitu viwili: Monika ndani ya hodhi, na fundi amepiga magoti.

*

Habari iliondoka Kahama kesho yake kwa lori la mchele. Ilipoondoka ilikuwa habari ndogo tu ya kawaida: mke wa Selestine kaonekana amekaa kwenye hodhi, fundi yuko pembeni. Masumbwe, dereva alipokula, fundi akawa ameshika sabuni. Ushirombo, walipobadilisha tairi, akawa anamsugua mgongo. Runzewe maji yakaongezeka. Ilipoteremka Nyarugusu, fundi alikuwa ndani, taulo liko mlangoni, na hodhi lilikuwa linafurika maji ambayo Kahama nzima haikuwa nayo.

Selestine aliipata akiwa amekaa mdomoni mwa duara lake, akihesabu viroba vya mawe. Alinawa mikono, akavaa koti lake la suti, la kahawia, ambalo hulivaa akienda benki na msibani, akasimamisha gari la kwanza. Njia nzima alikuwa akimwona fundi ambaye hajawahi kumwona. Kwanza alimpa kitambi, halafu akakiondoa. Akampa miaka hamsini, akaipunguza, akaipunguza tena. Alipofika Ushirombo fundi alikuwa kijana wa miaka ishirini na tano mwenye kifua. Hapo Selestine akashuka, akaenda kigangoni kumtafuta Apolinari.

Apolinari alikuwa kaka mkubwa wa Monika, katekista, mtu wa taratibu, aliyetembea na daftari la kurasa sitini na nne kwa ajili ya mambo ambayo Mungu angeweza kuyasahau.

"Shemeji," Selestine alisema, hata kabla ya kukaribishwa kiti, "twende Kahama ukamchukue dada yako."

"Anaumwa?"

"Anaoga."

*

Waliingia nyumbani Jumanne saa sita mchana bila hodi. Monika alikuwa jikoni. Alipoona koti la suti alifurahi, akadhani duara limetema tena. Alipoona kaka yake nyuma ya koti, furaha ikasimama katikati ya uso.

"Shikamoo kaka. Karibuni. Kuna msiba?"

"Marahaba," Apolinari akajibu, akatazama chini.

Selestine alimpita kama nguzo ya umeme, akaenda moja kwa moja bafuni. Mihayo alikuwa amebakiza safu ya mwisho ya marumaru ukutani. Akageuka, akatabasamu kwa adabu, meno yote nje. Ndipo Selestine alipohakikisha.

"Ndiyo wewe?"

"Karibu bosi. Pole na safari. Naomba uvue viatu, hapo saruji bado..."

"Lete mkono."

Mihayo akampa, akidhani ni salamu. Selestine akauvuta mpaka puani, akaunusa kuanzia vidole mpaka kiwikoni, taratibu, kama mnunuzi wa samaki. "Unanukia sabuni."

"Ni saruji nyeupe, bosi."

"Saruji haina harufu. Mama Raphael!" Monika alikuwa amekwisha kufika mlangoni. "Nilikuacha na sabuni mbili za kuogea. Ziko wapi?"

Monika alimtazama mume wake, akamtazama kaka yake, akaelewa. Uso ulimwaka, lakini alikwenda chumbani, akarudi na sabuni mbili, moja bado ina karatasi. Nyingine ilikuwa imelika kidogo. Akaziweka mkononi mwa Selestine mbele ya fundi na mbele ya katekista. Selestine alizipima kwa kiganja kama anavyopima dhahabu.

"Hii imepungua."

"Nimeoga, Baba Raphael. Mwezi wa pili huu tangu uondoke. Au nilitakiwa nisioge?"

"Umeogea wapi?"

"Uani. Kwa kopo. Nusu dumu."

"Watu wanasema umeonekana ndani ya hodhi."

"Nilikaa. Fundi alitaka uzito, mota ikaukie chini."

Selestine akacheka kile kicheko kisichokuwa na mwenyewe. "Umesikia shemeji? Sakafu sasa inaatamiwa kama mayai." Aliona mtaimbo wa Mihayo umeegemea ukutani. Hilo lilikuwa dude analolijua; kwa miaka minane lilikuwa limemlisha. Akaupenyeza chini ya hodhi, akaukandamiza mara moja tu. Mota ililia kwa chini, ikapasuka vipande vipande, na hodhi likaruka upande kama ndama. Marumaru mbili za bluu zikafuata.

Mihayo alifumba macho. Monika hakufumba.

"Haya," Selestine alisema, anahema. "Nionyesheni huo uzito uko wapi."

*

Kikao kilifanyika mle mle bafuni, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutoka. Apolinari aliletewa kigoda, akakaa kwenye kizingiti, akafungua daftari, akaandika juu kwa herufi za kusimama: SHAURI LA MONIKA. Monika aliyasoma maneno yale kutoka alipokuwa amesimama. Aliiona njia nzima ya Ushirombo mbele yake: sanduku lake juu ya lori, wifi zake wakimpokea kwa upole wenye sumu, na ile kanga ya mgeni watakayompa alalie kwa mama yake.

"Mimi sina maneno mengi," Selestine alianza. "Shemeji, nakurudishia dada yako. Raphael na mdogo wake wanabaki. Nyumba nitatafuta mtu wa kuitunza."

"Nyumba hii?" Monika aliuliza. "Ambayo tofali zake nilizibeba kwa kichwa nikiwa na mimba ya huyo huyo Raphael?"

"Ungezibeba ukaishia hapo."

"Subirini," Apolinari alisema, mkono juu. "Aliyeona ni nani?"

Aliyeona hakuhitaji kuitwa mara mbili. Mama Limi alikuwa tayari juu ya kinu chake, na kichwa chake kilitokeza dirishani kama picha iliyotundikwa.

"Shikamoo katekista."

"Marahaba. Uliona nini mama?"

"Nilimwona Mama Raphael yumo ndani ya hodhi. Fundi amepiga magoti, hapo hapo alipo."

Selestine akawatazama wote kwa zamu, kama aliyeshinda kesi. Apolinari akaandika polepole. "Amevaa?"

"Nani?"

"Dada yangu."

Mama Limi akakohoa. "Kitenge. Na blauzi."

"Hana kingine?"

"Na ungo."

Kalamu ikasimama. "Ungo?"

"Wa mchele. Alikuwa anachambua."

"Maji yalikuwemo?"

"Sikuyaona maji."

"Sasa mama, mbona habari ilipofika kwetu Ushirombo haikuwa na ungo?"

"Hakuna aliyeniuliza ungo," Mama Limi alisema. Kisha, kwa kuwa macho ya Monika yalikuwa yamemganda usoni, akaongeza kwa sauti ndogo, "Na aliniomba magunia ya kukandamizia, nikamnyima. Ndiyo nilivyo. Mtu ananionyesha marumaru kila siku, mimi ni jiwe?"

Apolinari akaandika na hilo. Lakini Selestine alikuwa ametoka mbali mno na hasira yake hata asiweze kuirudisha bila kuitumia. Mtu akishamwona mwanamume mwingine ndani ya hodhi lake kwa kilomita zote zile, ungo mmoja haumtoi.

"Ungo ni wa kuzugia," akasema. "Mimi nasema hakuna hodhi duniani linalotaka kukaliwa ndipo likae. Nimeyaona mahodhi. Fundi kasema uongo, na mke wangu kaupokea kwa mikono miwili."

"Basi tuone kazi," Apolinari alisema. "Fundi, mota ile ile, mbele yetu. Kama linakaa lenyewe bila uzito, namchukua dada yangu na gari la jioni. Kama halikai, shauri limekwisha."

*

Mihayo alikwangua mota iliyovunjika, akaikusanya kwa mikono. Mchanga uliobaki ulikuwa ule wa kiroba kimoja. Akaumimina wote, akauchanganya na saruji, na maji yakawa ni nusu dumu la Monika la kuogea, ambalo alilileta mwenyewe bila kuombwa. Selestine alisimama juu yake muda wote, akimtazama mgongo. Ulikuwa mgongo wa kawaida, wenye vumbi. Hilo nalo lilimuudhi.

Hodhi likalazwa. Mihayo akalibonyeza kushoto, likainuka kulia. Akalibonyeza kulia, likainuka kushoto. Akaachia mikono, akasimama. Hodhi likakaa limeinama kama kofia ya mlevi. Apolinari akaliinamia, akachungulia chini, akaona uvungu wa kutosha paka kupita. Akaandika.

"Mama akae tena?" Mihayo aliuliza kwa hofu. "Mota inaanza kushika."

"Mimi sikai humo," Monika alisema. Sauti yake ilikuwa imetulia, na kwa wanaomjua ilikuwa afadhali angepiga kelele. "Nilikaa siku moja, nikafika mpaka Nyarugusu."

"Nitakaa mimi," Selestine akasema. "Mimi ndiye nitawaambia kama linataka uzito au linataka wanawake."

Akaingia na koti lake la suti na viatu vyake. Na hapo Monika, ambaye hakuwa akitafuta kitu, akaona kitu. Yeye alipoingia siku ile hakujua mguu gani utangulie. Alishika ukuta, akashika bomba, akakaa kama anayekalia mbuzi. Selestine hakutazama hata chini. Alishika kingo mbili, akateremka, akateleza mpaka mwisho wa mgongo, akaweka viwiko juu. Halafu akaitanua miguu, mmoja ukuta huu, mmoja ukuta ule, akaacha nafasi pana katikati, na magoti yakasimama nje kama milango iliyofunguliwa.

Hodhi likakaa upande wake. Upande wa bomba ukanyanyuka.

"Bosi, sogea katikati kidogo," Mihayo alisema. "Huku mbele kunabaki kutupu."

Kumwelekeza Selestine jambo mbele ya watu lilikuwa kosa ambalo wachimbaji wake walishaacha kulifanya. "Wewe fundi," alisema, akijiegemeza vizuri, "umewahi kuoga kwenye hodhi maishani mwako?"

"Hapana bosi. Nayaweka tu."

"Basi usinifundishe. Hodhi halikaliwi katikati. Na tena nikwambie, hapo kwenye bomba umeharibu kabisa. Bomba huwekwa ubavuni, pale kati. Ukiliweka mwisho namna hiyo, wa upande ule linamkwangua mgongo, hakai dakika mbili, kila saa analalamika tubadilishane, tubadilishane..."

Akayasikia maneno yake mwenyewe.

Bafuni saruji ikasikika ikinywa maji. Dirishani, Mama Limi aliacha kupumua ili asipitwe na kitu. Mihayo aligundua kwamba kuna marumaru moja ukutani inahitaji kutazamwa kwa karibu sana, akaipa uso wake wote.

"Nani analalamika?" Monika aliuliza.

"Nasema kwa mfano."

"Ulikuwa unaoga peke yako, Baba Raphael. Kama mfalme."

"Ndiyo. Nasema mtu. Mtu yeyote."

"Wa upande ule."

Selestine akashika kingo ainuke.

"Usiinuke bosi!" Mihayo akapiga kelele bila kugeuka. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kwa sauti yake kupanda. "Mota bado mbichi! Ukiinuka sasa inaachia yote, na mchanga hakuna!"

Selestine akamtazama shemeji yake. Apolinari alikuwa ameinamia daftari. Alichora mstari mmoja ulionyooka juu ya jina la dada yake, akapuliza wino, na juu ya mstari akaandika jina jingine, taratibu, herufi kwa herufi. Halafu akarudi nyuma na kigoda chake hatua moja, kama mtu anayempisha mwenye zamu.

"Mama," Mihayo aliuliza ukuta. "Bomba tulihamishie katikati?"

Monika alikwenda jikoni. Walisikia debe la mchele likifunguliwa. Alirudi na ungo umejaa, akasukuma kidogo kiatu cha mume wake kilichokuwa kimetanuka, akakaa juu ya ukingo wa hodhi, upande wa bomba. Hodhi likashuka sawasawa, pande zote mbili, likatulia.

"Liache lilipo," alisema. "Hapa kwangu anaoga mtu mmoja mmoja."

Dirishani Mama Limi alicheka, akajiziba mdomo, kinu kikayumba. Ilikuwa saa nane kasorobo. Monika aliona jiwe dogo jeupe katikati ya mchele, akalitoa, akaliweka kwenye goti la koti la suti. Akatoa la pili, akaliweka pembeni ya la kwanza.

"Mpaka saa kumi na moja, eti fundi?"

"Ndiyo mama. Ikizidi si vibaya."

"Vizuri." Alipepeta ungo mara moja, mapumba yakamwangukia Selestine kifuani, pale ambapo maji yalitakiwa kufika. "Tuanze na jina lake."